Forsadi Alizokuja Kuonja Baba Mkwe

Wenzangu, leo nimepata aibu ya kula. Si ya wizi, si ya pombe, wala sikuteleza mbele ya watu sokoni. Ya kula tu. Nawaandikia mapema kabla habari haijawafikia kupitia kwa mama yangu, maana mama akisimulia huongeza chumvi, na hii haina haja ya chumvi.

Jua bado lipo. Likizama Sabato imeingia na kalamu naiweka chini, kwa hiyo mtanisamehe mwandiko. (Mkono wenyewe una rangi ya zambarau. Mtaelewa.)

Wale ambao hamjafika Nyakoe tangu nioe, hamjauona mti wangu. Ni kichaka, kwa kweli, maana naupogoa usinipite kimo. Mjomba wangu alikuwa akitunza bustani ya Mzungu mmoja upande wa Sotik. Mzungu alipouza shamba akarudi kwao, mjomba akaja na baiskeli, na kwenye baiskeli kijiti kimoja kilichofungwa kwa ganda bichi la mgomba. Akaniambia huu ni mforsadi. Unazaa vitunda vyeusi vyenye vinundunundu, vitamu, na hapa kwetu hakuna aliyewahi kuuona. Hilo la mwisho ndilo lililonimaliza. Sisi ni watu wa ndizi na chai. Tunda dogo tunalolijua ni zile njano za porini zilizojifunika kama kwa karatasi, ambazo watoto huzichuma bure kwenye mahindi. Mimi nilikuwa nimepewa kitu ambacho hata chifu hana.

Na mnanijua. Mlipomaliza kidato cha nne ninyi mlikimbilia Nairobi, mimi nikakimbilia nyumbani. Nikaona Mungu amenitumia kazi mpaka mlangoni.

Nikautafutia mahali. Pale juu kuna upepo. Pale chini maji yanatuama. Mahali pazuri kuliko pote, penye udongo mweusi na jua la asubuhi, palikuwa nyuma ya jiko, na palikuwa na mwenyewe. Palikuwa na chinsaga za mke wangu Moraa.

Kwa yule mwenzetu wa Machakos ambaye hajui: chinsaga ni mboga ya majani, chungu kidogo, hupikwa polepole na kulazwa kwa maziwa. Mgeni wa heshima akija, ndiyo anayopewa. Mwanamke akijifungua, ndiyo inayomsimamisha. Mke wa Kisii asiye na chinsaga nyuma ya jiko ni kama mwalimu asiye na chaki. Mwanamume haing'oi. Hata kuichuma haichumi.

Nikaing'oa. Si yote. (Yote.)

Moraa alirudi kutoka sokoni, akaweka kikapu chini, akakiangalia kile kijiti kikavu kilichosimama peke yake mahali pa mboga zake. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu kama nacho kitaliwa na ugali.

Akavumilia mwaka mzima. Akanivumilia nikiamka kabla ya ng'ombe kwenda kukisalimia. Akavumilia majivu ya jiko lake kumalizikia pale, na mavi ya mbuzi, na majani makavu ya mgomba niliyokitandikia chini kama godoro. Halafu ikaja ile mvua ya mawe, mnaikumbuka, iliyotoboa majani ya chai kote. Mimi nilitoka mbio na kitu cha kwanza nilichokishika, nikaufunika mforsadi wangu. Mti ukapona. Nilichokishika kilikuwa leso mpya ya Moraa, ambayo hata kanisani ilikuwa haijafika.

Kesho yake akaenda kwao Gesima kusalimia. Alisalimia miezi miwili.

Wiki jana baba mkwe wangu, Mzee Onchiri, akanitumia maneno kwa mtu wa kuaminika. Ijumaa atakuja na binti yake. Anataka kuliona kwa macho yake na kulionja kwa ulimi wake hilo tunda lililong'oa mboga ya mtoto wake. Likiwa tunda, Moraa atabaki. Likiwa upuuzi, watarudi pamoja Gesima, halafu wazee watakaa. Na mnajua wazee wa kwetu wakikaa juu ya ndoa ya mtu, hawakai kwa ajili ya kunywa chai.

Sasa sikieni Mungu alivyo mwema. Mti haujawahi kuzaa kitu, na wiki hii hii ndiyo ukaiva! Nilitundika makopo kila tawi yapige kelele ndege wasikaribie. Sikulala vizuri. Nilikuwa nimebebewa ndoa yangu na kichaka.

Leo asubuhi nilichuma zote zilizokuwa nyeusi, moja moja, kwa vidole viwili. Nikaziweka katika bakuli letu la jiwe la sabuni, lile jeupe tulilopewa siku ya arusi. Hazikuwa nyingi, lakini bakuli lilionekana lina kitu. Nikalifunika kwa sahani, nikaliweka mezani, nikavaa shati jeupe la kanisani, nikakaa kungoja.

Sikuweza kukaa.

Nilienda hadi barabarani kuangalia. Hakuna mtu. Nikarudi. Nikafagia uwanja ambao mama alikuwa amekwisha kuufagia. Nikaenda tena barabarani. Nikarudi, nikafunua sahani, nikaona ziko, nikafunika. Nikahamisha viti viwili vikatazama mlango. Nikavirudisha vitazame dirisha. Mama, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya uwanja, alikuwa ameketi nje akimenya ndizi za kupika. Kisu kikasimama.

"Osoro, keti. Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Nikamwambia nimetulia. Nilikuwa nimesimama juu ya mguu mmoja nikitoa kokoto kiatuni, ile ile niliyoitoa dakika chache kabla.

Ndipo wazo likaja, na lilikuwa wazo la busara kabisa. Je, ni tamu? Mtu unaweza kumpa baba mkwe kitu usichokijua ladha? Akikunja uso ndoa imeenda. Nikaonja moja. Tamu. Lakini moja si ushahidi, darasani tulifundishwa hivyo. Nikaonja ya pili. Ilikuwa na uchachu kidogo, ikanitia wasiwasi. Ya tatu ikaniondolea wasiwasi.

Nikafunika. Nikaenda barabarani.

Niliporudi niliona kuna moja imepasuka inawachafua wenzake. Nikaiondoa. (Unaiondoa unaipeleka wapi? Kutupa chakula ni dhambi.) Halafu nikaona upande mmoja wa bakuli umelala. Nikalinganisha. Kulinganisha bakuli, ndugu zangu, ni kupunguza ule upande uliozidi, na ukishapunguza huo, ule mwingine nao unakuwa umezidi. Fundi seremala anajua. Ndivyo miguu ya meza inavyoishia kuwa kigoda.

Naapa sikuwa na njaa. Nilikuwa nimekula viazi asubuhi. Ni moyo tu uliokuwa unaruka, na kila ukiruka mkono unakwenda. Nilikuwa nawaza maneno nitakayomwambia Moraa, mkono unakwenda. Nawaza atakuwa amekonda au amenenepa, mkono unakwenda. Nawaza akikataa kabisa kuingia ndani, mikono yote miwili inakwenda.

Mara vidole vikakwaruza jiwe.

Nikatazama. Bakuli jeupe lilikuwa na maji ya zambarau chini, na vikonyo. Vikonyo vilikuwa vingi sana.

Sijui kama mmewahi kuhisi tumbo limeshiba huku limeanguka. Nilifuta mdomo kwa mkono wa shati (jeupe, la kanisani, nawakumbusha) nikatoka mbio nyuma ya jiko. Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa kichakani. Nyekundu. Nyekundu. Kijani. Nyekundu. Makopo yote yanalia juu yangu kama shule inatoka. Nikasikia mtu anapiga hodi, na hiyo hodi haikutoka upande wa barabara. Ilitoka nyuma yangu. Walikuwa wamekatiza shambani, na sehemu yangu ya kwanza kuwakaribisha haikuwa uso.

Nikatoka, nikajipangusa magoti, nikakimbilia ndani kwa kisingizio cha viti. Nikavaa koti juu ya shati. Bakuli nikalifunika upya, nikalisukuma nyuma ya chupa ya chai. Kioo tunacho, lakini sikukumbuka kujitazama. Hapo ndipo ningejiokoa.

Niwaeleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo hamtaelewa mateso yangu. Sisi tuna kitu tunakiita ensoni. Ni haya, na ni heshima. Mkwe na baba mkwe hawakodoleani macho, hawataniani, na mmoja hamtajii mwenzake jambo la mwili wake. Mkwe akiwa na ugali kwenye ndevu, utakaa naye mchana kutwa na ugali wake, muagane, aende nao.

Kwa hiyo Mzee Onchiri aliketi. Ana masharubu meupe kama pamba, na fimbo. Alinisalimu akitazama mlango. Nikajibu. Akatazama dirisha haraka sana. Nikadhani ni heshima imezidi leo, nikafurahi.

Moraa aliketi karibu na mama. Amenenepa kidogo. Alikuwa ameshika fundo la leso magotini na hakuniangalia hata kidogo. Mama alinitazama mara moja, akainuka akasema anakwenda kutazama ndizi jikoni. Ndizi zilikuwa hazijawekwa motoni.

Baba mkwe akasema mwenye nyumba atuombee kabla ya chai. Nikashukuru moyoni, maana kwa maombi mimi si haba. Watu wote wakafumba macho. Nikafungua mdomo wangu wote. Niliombea safari yao, nikaombea mvua, nikaombea ndoa za kijiji kizima moja baada ya nyingine, nikifanya sauti ipande pale penye kutakiwa kupanda. Nikasema amina, nikafumbua macho.

Moraa alikuwa ananitazama mdomoni. Si usoni. Mdomoni, ndani kabisa, kama daktari wa ng'ombe. Sijui alikuwa amefumbua tangu ombi la ngapi.

Chai ikanywewa. Ndipo mzee akaweka kikombe chini, akaiambia fimbo yake:

"Sasa tuletewe lile tunda."

Wenzangu, kulikuwa na njia ya kweli na njia ya uongo, na zote zilikuwa wazi. Nikamwita baba kwa lugha yetu, nikasema, "Tata, ndege wamezimaliza."

Mzee akaiuliza tena fimbo yake:

"Lini?"

"Leo hii, asubuhi."

"Ndege gani?"

Ningesema sijui. Mtu mwenye akili angesema hajui. Mimi nikaanza kusomesha. Nikamwambia ni kuzumburu, wale wenye mikia mirefu, wanaokuja kundi zima wananing'inia vichwa chini, wana mdomo mfupi, hawabakishi kitu. Na katika kumwonyesha jinsi wanavyoning'inia, nikainua mkono, na mkono wa koti ukashuka, na mkono wa shati ukatokeza.

Mzee akautazama ule mkono wa shati. Kisha, kwa ensoni zake zote, akageuka akatazama mgomba nje ya dirisha, akazungumza na mgomba.

"Kuzumburu wa kwetu Gesima wakila hujipangusia tawini," aliuambia. "Hawa wa Nyakoe naona wamesoma."

Kutoka jikoni nikasikia sufuria inaanguka. Mama alikuwa anacheka ndizi zikimsikiliza.

Nilitaka ardhi ipasuke. Haikupasuka, na hata ingepasuka ningekumbuka kuchunga mizizi ya mforsadi. Mzee akasimama, akasema basi hakuna la kuona, alilolijia limeliwa, na basi la kurudi haliwangojei. Akamwambia binti yake wainuke.

Hapo utani wote uliniisha. Naandika nacheka, lakini pale sikucheka. Nilimwona Moraa anainuka na fundo lake, na nikajua nimeila ndoa yangu yote, kuanzia juu ya bakuli mpaka chini, nikiwa nimeketi meza moja nayo.

Nikasema, "Moraa, nilikuwa nakungoja." Ndilo lililotoka. Sikutaja ndege.

Alisimama mlangoni. Akamwambia baba yake anataka kuuona mti kwanza, maana ulimfukuza na hajawahi kuutazama vizuri.

Tukatoka wote. Moraa akauzunguka. Akayaona majani ya mgomba yaliyotandikwa, na majivu, na ua wa miiba, na kivuli cha matete nilichouwekea upande wa jua kali. Akakiangalia kile kivuli kwa muda.

"Mimi nilipougua malaria," alisema, "nililetewa maji moto tu."

Nikavua kiatu, nikaitafuta tena ile kokoto.

Kisha akainama. Wanawake waliozoea kuchuma mboga wana macho mengine. Akaingiza mkono chini kabisa, karibu na udongo, akalipindua jani pana, akatoa moja. Nyeusi, nene, inang'aa. Mimi niliyepiga magoti pale pale na kichwa ndani sikuwa nimeiona. Akampa baba yake.

Mzee akaitia mdomoni. Akatafuna kama mtu anayesikiliza redio yenye mkwaruzo. Sote tunatazama chini. Akameza.

"Hii ni kama zile njano za porini," alisema, "iliyoiva ikasahaulika."

Nikaona basi. Lakini mzee hakuondoka. Alikilamba kidole. Akakilamba kile cha pili. Akauliza, tena akiutazama mgomba, hizi nyekundu zitachukua muda gani kuwa nyeusi. Nikamwambia si muda, ni siku chache za jua. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akamgeukia binti yake.

"Mtu anayeweza kumaliza chakula cha wageni hata bakuli likalia, huyo si mbaya. Huyo ana njaa. Hana wa kumpikia. Moraa, baki."

Jamani! Uchoyo wangu ndio ulionitetea! Ningekuwa mtu mstaarabu, bakuli limejaa, mzee angeonja, akasema upuuzi wa porini, wakaenda zao. Nilishindwa hata kushukuru. Moraa alikuwa amejifunika mdomo kwa kiganja na mabega yake yanatikisika, na nilidhani analia mpaka nilipoisikia sauti.

Tulimsindikiza mzee hadi barabarani. Na hapo, wenzangu, nikaona jambo. Ile forsadi ilikuwa imepasuka vizuri. Kwenye yale masharubu meupe, upande wa kushoto, palikuwa na doa la zambarau kubwa kama kifungo cha koti, na doa linatembea kuelekea mdomo wa chini. Leo ni siku ya watu wengi Nyakoe. Atapita katikati ya soko, apande basi, ashuke Gesima, apite mbele ya kanisa. Nikamtazama Moraa. Moraa akanitazama. Kati yetu hakuna aliyeweza kumwambia. Ensoni ni ensoni. Tukamtakia safari njema kwa heshima zote, naye akatuaga akiutazama mlima.

Mama tu, aliyekuwa amekuja nyuma yetu, ndiye aliyesema polepole kwamba sasa kuzumburu wako wawili.

Tuliporudi, Moraa alifungua lile fundo la leso. Nilidhani ni nguo. Zilikuwa mbegu za chinsaga, zimefungwa vizuri, kavu, tayari. Alikuja nazo kutoka kwao. Tafakarini hilo, mimi nimelitafakari tangu mchana: mtu alikuwa na mbegu kwenye fundo tangu alipopiga hodi, akaniacha niombee kijiji kizima.

Zimekwisha kupandwa kuuzunguka mforsadi pande zote. Mti uko katikati kama mshtakiwa. Masharti ni kwamba mavi ya mbuzi sasa nabeba ya wawili, na mti ukizidi kuzitilia kivuli mboga, panga liko jikoni na yeye anajua lilipo. Leso mpya itapatikana, namna ya kuipata ni juu yangu.

Nimesugua meno kwa majivu. Nimesugua kwa chumvi. Nimesugua kwa ndimu mpaka masikio yakaziba. Ulimi bado ni kama wa ng'ombe aliyelamba wino, na jua ndilo hilo linagusa migomba. Kesho ni kanisani, na ninyi mlioimba nami shuleni mnajua ni nani husimama mbele ya kwaya na kufungua mdomo kuliko wote.

Moraa ananishauri niimbe kwa pua. Ninyi mlio mbali niombeeni, na mkicheka, chekeni mmegeukia mgomba.